Mchungaji Aliyebaki na Kundi Lililotawanyika

Somo la kujifunza katika familia na katika jumuiya ndogo ndogo

Masomo: Matendo ya Mitume 8:1-4, Yohana 10:11-15, Mathayo 10:23

Utangulizi



Kuna swali moja ambalo wengi wetu tunalibeba moyoni bila kulisema kwa sauti. Linakuja usiku, watoto wakiisha lala. Linakuja pia wakati simu inapoita kutoka kule nyumbani. Swali lenyewe ni hili: Je, tulifanya vema kukimbia?

Kati yetu wapo walioacha mzazi mzee aliyekataa kutoka katika nyumba yake. Wapo ambao katekista wao alibaki kulinda kanisa na hadi leo hawana habari zake. Na maneno makali yanapita katikati yetu. Waliobaki wanasema, "Ninyi mlitukimbia." Nasi huku tunajibu, "Ninyi mlibaki kwa sababu mlielewana na wenye bunduki." Maneno ya namna hiyo yanakata udugu kuliko panga.

Katika somo hili tutatazama maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu aliyeishi chini ya utawala wa kikomunisti hapa hapa Afrika ya Mashariki. Yeye alifunguliwa mlango wa kukimbia, akakataa. Tutajiuliza: kama yeye alikuwa na haki kubaki, je, sisi tulikosa tulipoondoka? Tusome taratibu, na Biblia iwe mkononi.

1. Serikali iliyotaka moyo wote wa mtu

Mwezi wa Septemba 1974 wanajeshi wa Ethiopia walimwondoa Mfalme Haile Selassie. Waliokamata nchi waliitwa Derg, maana yake kamati. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule walitangaza kwamba nchi itafuata usoshalisti, na baadaye wakafuata waziwazi mafundisho ya Marx na Lenin. Tangu Februari 1977 mamlaka yote yalikuwa mkononi mwa Mengistu Haile Mariam.

Tusichanganye mambo. Hata Tanzania ilifuata ujamaa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lakini Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Mkatoliki aliyekwenda Misa, na makanisa yalibaki wazi. Kugawana mali kwa haki si jambo baya. Wakristo wa kwanza walifanya hivyo (Matendo 4:32-35). Ubaya unaanza pale serikali inaposema hakuna Mungu juu yake, na kwamba dini ni ujinga wa kuondolewa kwa nguvu.

Huko Ethiopia watu wengi maskini walifurahi mwanzoni. Mwaka 1975 ardhi iliondolewa kwa mabwana wakubwa, na wakulima waliokuwa wakilima kama watumwa wakapumua. Viongozi wa makanisa nao hawakukataa haki hiyo. Lakini furaha ilikuwa fupi. Katika miaka ya 1977 na 1978 ilikuja ile iliyoitwa Ugaidi Mwekundu: vijana waliuawa barabarani, na maiti zikaachwa ili watu waogope. Makanisa mengi yalifungwa, hasa katika jimbo la Wollega upande wa magharibi. Patriaki wa Waorthodoksi, Abune Theophilos, aliondolewa mwaka 1976, akafungwa, na akauawa mwaka 1979.

Wazee wetu wengine watakumbuka redio ya Sauti ya Injili. Mtambo wake mkubwa ulikuwa Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, Tanzania. Tarehe 12 Machi 1977 serikali iliinyang'anya, na kuanzia hapo ikatumika kutangaza mapinduzi.

2. Gudina Tumsa alikuwa nani?

Gudina Tumsa alizaliwa mwaka 1929 huko Boji, Wollega, katika familia maskini ya wakulima Waoromo. Alisoma katika shule za misioni, akafanya kazi katika hospitali ya Nekemte, kisha akasikia wito wa kuhubiri. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1958. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus, lenye asili ya Kilutheri. Jina hilo, Mekane Yesus, maana yake ni mahali anapokaa Yesu. Baada ya masomo huko Marekani, alichaguliwa mwaka 1966 kuwa Katibu Mkuu wa kanisa lake.

Kabla ya wakomunisti kuingia, yeye alikwisha sema jambo zito. Mwaka 1972 kanisa lake liliandika barua kwa wafadhili wa Ulaya. Wafadhili wale walipenda kutoa fedha za visima, shule na hospitali, lakini si za kuhubiri Injili. Barua ikawaambia kwamba mtu hagawanyiki vipande viwili. Mwenye njaa anahitaji chakula na anahitaji Neno. Ukimpa kimoja na kumnyima kingine, hujamtazama kama mtu kamili. Sisi tunaoishi kwa mgao tunaelewa sana. Unga na mafuta ya kupikia ni neema, lakini mtu hawi hai kwa unga peke yake.

Wakati wa Derg, Gudina hakuchukua silaha. Alifundisha kwamba Mkristo anashiriki katika mambo ya nchi yake na kutafuta haki, lakini hakuna chama wala mafundisho ya kisiasa yanayoweza kukaa mahali pa Mungu. Alijitahidi pia kuwaleta pamoja Waorthodoksi, Wakatoliki na Waprotestanti ili wasimame kama ndugu. Kwa watawala, jambo hilo lilikuwa la hatari. Kanisa lililogawanyika ni rahisi kulifunga. Kanisa lenye umoja ni vigumu.

Kwa upande wa Wakatoliki, Askofu Paulos Tzadua alikuwa Askofu Mkuu wa Addis Ababa kuanzia mwaka 1977. Naye alibaki na waamini wake miaka yote ya utawala ule. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimfanya Kardinali, wa kwanza kutoka Ethiopia.

3. Mlango uliofunguliwa na kukataliwa

Gudina alikamatwa mwaka 1978, akaachiwa. Alikamatwa tena mwaka 1979, akaachiwa. Kila mtu alijua kwamba mara ya tatu haitakuwa na kuachiwa. Ndipo Rais Nyerere, kwa njia ya viongozi wa kanisa wa Tanzania, alimfungulia nafasi ya kutoka Ethiopia na kupata usalama.

Tutulie hapa kidogo. Sisi tunajua thamani ya nafasi kama hiyo. Wapo kati yetu wanaongoja miaka mingi jina lao lisomwe kwa ajili ya kupelekwa nchi ya tatu. Gudina alipewa nafasi na rais mwenyewe, naye alikuwa na mke na watoto. Alijibu kwamba hawezi kuliacha kanisa lake. Neno lililomshika lilikuwa lile la Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 5:15, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote ili walio hai wasiishi tena kwa ajili ya nafsi zao, bali kwa ajili yake yeye.

Tarehe 28 Julai 1979, jioni, baada ya ibada katika kanisa la Urael mjini Addis Ababa, watu wa serikali walimkamata pamoja na mke wake, Tsehay Tolessa. Mama aliachwa. Baba alichukuliwa na kuuawa usiku ule ule.

Lakini familia haikuambiwa. Miaka ilipita, na hakuna aliyesema kama yuko hai au amekufa. Mwaka 1980 Mama Tsehay naye alikamatwa. Aliteswa vikali, akakaa gerezani karibu miaka kumi bila hukumu, hadi mwaka 1989. Mengistu alikimbilia Zimbabwe mwezi wa Mei 1991. Ni baada ya hapo tu mabaki ya Gudina yalipatikana, na mwaka 1992 alizikwa kwa heshima. Miaka kumi na mitatu mtu bila kaburi! Ninyi ambao mume, kaka au mtoto wenu alichukuliwa na hakurudi, mnajua uzito wa miaka hiyo kuliko tunavyoweza kuandika. Mama Tsehay alivumilia, akaishi hadi mwaka 2014, akimshuhudia Kristo.

4. Je, sisi tulikosa?

Msomaji atasema: "Basi mtu wa Mungu hakimbii. Sisi tulikimbia. Imani yetu ni ndogo." Ndugu, tufungue Matendo 8:1-4 tusome polepole.

Stefano ameuawa. Mateso makubwa yanaanguka juu ya kanisa la Yerusalemu. Luka anaandika kwamba waamini wote walitawanyika katika Uyahudi na Samaria, isipokuwa mitume. Tuone vizuri: katika mstari mmoja wako waliokimbia na wako waliobaki. Luka hawalaumu waliokimbia. Wala hawacheki waliobaki. Na katika mstari wa nne anasema wale waliotawanyika walikwenda huku na huku wakilihubiri Neno. Samaria ilipata Injili kwa miguu ya wakimbizi. Na hao waliotawanyika walikuta nini waliporudisha habari nyumbani? Walikuta mitume wako pale pale Yerusalemu, tayari kuwatuma Petro na Yohane waje kuwawekea mikono (Matendo 8:14-17). Waliokimbia waliwahitaji waliobaki, na waliobaki waliwahitaji waliokimbia.

Bwana Yesu mwenyewe aliruhusu kukimbia. Aliwaambia wanafunzi kwamba wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23). Yeye alibebwa Misri akiwa mtoto mchanga, kwa sababu Yosefu alitii na kuondoka usiku (Mathayo 2:13-15). Paulo alishushwa ukutani ndani ya kapu (Matendo 9:25). Petro alipotolewa gerezani, aliondoka akaenda mahali pengine (Matendo 12:17). Baba anayebeba watoto wake na kuvuka mpaka usiku anafanya kazi ya Yosefu. Hiyo si dhambi.

Lakini kuna neno jingine, nalo ni kwa ajili ya wachungaji. Katika Yohana 10 Bwana anasema mchungaji wa mshahara akimwona mbwa mwitu huwaacha kondoo na kukimbia, kwa sababu kondoo si mali yake. Kwa hiyo anayechunga watu ana swali la zaidi.

Swali hilo ni la zamani. Karibu mwaka 429, Wavandali walipokuwa wakiteketeza Afrika ya Kaskazini, askofu mmoja aitwaye Honoratus alimwuliza Mtakatifu Augustino kama mapadri wanaweza kukimbia. Augustino alijibu kwa busara. Kama mchungaji mmoja ndiye anayetafutwa, na wengine wapo wa kuwahudumia watu, anaweza kuondoka, kama Mtakatifu Atanasi alivyofanya. Kama watu wote wameondoka, mchungaji afuatane nao. Lakini kama hatari ni ya wote na watu wamebaki, basi wahudumu wao wasiwaache bila sakramenti na bila faraja. Augustino mwenyewe alibaki Hippo, akafa mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na adui.

Sasa tunamwelewa Gudina. Hakukataa Tanzania kwa sababu kukimbia ni dhambi. Alikataa kwa sababu kondoo walikuwa bado ndani ya boma. Angekuwa baba asiye na kundi, labda angechagua njia nyingine, na Mungu asingemhukumu.

5. Aliyefungwa na kisha akawa mtu wa uhamishoni

Tutazame mfano wa pili kwa ufupi, kutoka mbali. Mwezi wa Aprili 1975 Papa Paulo wa Sita alimteua Askofu Fransisko Xaveri Nguyen Van Thuan kuwa askofu mkuu mwandamizi wa Saigon, nchini Vietnam. Siku chache baadaye wakomunisti waliuteka mji. Tarehe 15 Agosti 1975, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, walimkamata. Alikaa kifungoni miaka 13, na miaka 9 kati ya hiyo alikuwa peke yake.

Aliomba aletewe dawa ya tumbo. Waamini wakaelewa, wakampelekea divai kidogo katika chupa ya dawa. Kila siku aliweka matone matatu ya divai na tone moja la maji katika kiganja cha mkono, akaadhimisha Misa. Kiganja kilikuwa altare na kanisa kuu lake. Tena aliamua jambo moja: hatangoja siku ya kufunguliwa ili aanze kuishi. Atampenda Mungu na watu leo, hata walinzi wake.

Alifunguliwa mwaka 1988. Lakini mwaka 1991 alitoka Vietnam na hakuruhusiwa kurudi. Mtu yule yule aliyebaki ndiye aliyekuja kuwa mtu wa uhamishoni! Papa Yohane Paulo wa Pili alimpa kazi Roma, akamfanya Kardinali mwaka 2001, akafa mwaka 2002. Gerezani alimtumikia Kristo. Ugenini alimtumikia Kristo. Mahali palibadilika, Bwana hakubadilika.

6. Hata nchi hii ya West Nile inajua

Majirani wanaotupokea hapa Arua na Koboko si wageni wa jambo hili. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa kuanzia mwaka 1980, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Walilala katika ardhi yetu, wakalima mashamba ya babu zetu. Wengine walibaki. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwashambulia watu waliotafuta usalama katika misioni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, na raia wengi waliuawa.

Ukizungumza na wazee wa hapa, hutasikia wakigawana kuwa hawa ndio wazuri waliobaki na hawa ndio wabaya waliokimbia. Wamezika wafu wao, wamepokea waliorudi, na sasa wanasali katika kanisa moja. Nasi tujifunze kwao mapema, kabla ya siku yetu ya kurudi.

7. Mambo manne ya kushika

Kwanza, tuache kuhukumiana. Ukipigiwa simu na ndugu aliyebaki, mwulize hali yake kabla ya kumwuliza kwa nini hakuja. Naye ajue kwamba nasi hatukuja huku kwa starehe.

Pili, tuwaombee kwa majina wachungaji waliobaki: mapadri, masista, wachungaji na makatekista. Na kama kuna nauli au simu ya kuwatumia neno la kutia moyo, tufanye hivyo.

Tatu, kundi lililotawanyika lina kazi. Waliotawanyika katika Matendo 8 hawakukaa chini wakingoja kurudi Yerusalemu ndipo wahubiri. Mwenye kipaji cha kufundisha, afundishe watoto chini ya mti. Mwenye sauti, aingie kwaya. Anayejua kuuguza, amtembelee mgonjwa wa bloku ya pili, hata kama ni wa kabila lile tulilogombana nalo.

Nne, tusimwache mama anayengoja habari. Mama Tsehay alingoja miaka kumi na mitatu. Kati yetu wapo kina Tsehay wengi. Wasibaki peke yao siku ya sikukuu.

Kanisa la Mekane Yesus lilipoanzishwa mwaka 1959 lilikuwa na waamini kama 20,000. Leo linahesabu zaidi ya milioni 10. Derg imepita. Waliobaki na waliotawanyika ndio hao Mungu alitumia kujenga.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika Matendo 8:1-4, waliobaki walifanya kazi gani, na waliotawanyika walifanya kazi gani?
2. Kwa nini Gudina Tumsa alikataa kwenda Tanzania? Sababu yake inamhusu nani hasa kati yetu?
3. Ni maneno gani tunayosema juu ya ndugu waliobaki nyumbani ambayo inatupasa kuyaacha?
4. Van Thuan hakungoja kufunguliwa ndipo aanze kuishi. Sisi tunangoja nini ndipo tuanze?
5. Ni nani katika bloku yetu anayengoja habari za mtu wake? Jumuiya itamfanyia nini juma hili?

Sala

Ee Bwana Yesu, ulibebwa Misri ukiwa mtoto, na ukabaki msalabani ulipokuwa mkubwa. Wewe unajua njia ya anayekimbia na njia ya anayebaki. Walinde wachungaji walioko kati ya mbwa mwitu. Uwatunze wazee tuliowaacha. Wape pumziko wale wasio na kaburi, na uwafariji wanaowangoja. Utuondolee hukumu midomoni mwetu, na siku utakayotukusanya, utukute tukiwa kundi moja. Amina.